Suruali haikuchora farasi wale: jibu kuhusu Rosa Bonheur

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa pili. Kwenye somo la historia ya sanaa tulitajiwa mchoraji wa kike wa Ufaransa, Rosa Bonheur, kwa sentensi mbili tu: alichora wanyama, na alikuwa na kibali cha polisi cha kuvaa suruali. Je, habari ya kibali ni ya kweli? Na mwanamke ambaye hakuruhusiwa hata kuingia chuo cha sanaa aliwezaje kuchora vile, tena akaishi kwa brashi yake mpaka akanunua jumba? Nauliza kwa sababu nyumbani wananiambia uchoraji haumlishi mtu, sembuse mwanamke.

JIBU: Nianze na kibali, dada, ili tumalizane nacho. Ni cha kweli, na kimoja kimehifadhiwa hadi leo. Kilitolewa na polisi wa Paris tarehe 12 Mei 1857, kikimruhusu Bi. Bonheur kuvaa kiume "kwa sababu za kiafya" kwa muda wa miezi sita, baada ya hapo aombe upya. Sharti lake ni kwamba asionekane na mavazi hayo kwenye michezo ya kuigiza, dansi au mikusanyiko mingine ya hadhara. Msingi wake ulikuwa amri ya Novemba 1800, iliyomtaka mwanamke yeyote wa Paris anayetaka kuvaa kiume kwanza apate ruhusa ya polisi. Amri hiyo ilisahaulika kwa miongo mingi, lakini serikali ya Ufaransa ilitamka rasmi kwamba haina nguvu tena mwaka 2013 tu.

Hata hivyo mwalimu wako, kwa kukupa sentensi mbili zile, amekupa kipande chepesi kuliko vyote katika maisha ya mama yule. Suruali kwake ilikuwa nguo ya kazi. Alikuwa akishinda machinjioni na kwenye minada ya mifugo, penye damu, kinyesi na wanaume wenye midomo michafu, na sketi ndefu za zama zile zisingemfaa. Mgeni akibisha hodi, alibadili nguo haraka. Mwaka 1864 Malkia Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, alimtembelea bila taarifa, na Rosa akavuta sketi juu ya suruali mbio mbio kabla ya kumpokea. Katika picha ambayo Édouard Dubufe alimchora mwaka 1857, mwaka ule ule wa kibali, amevaa gauni. Dubufe alikuwa amemwegemeza kwenye meza. Rosa hakuipenda meza ile, akaifuta na kuchora fahali mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Picha hiyo inanieleza zaidi kuhusu Rosa kuliko kibali.

Sasa tuje kwenye swali lako la maana: alijifunzia wapi?

Alizaliwa Bordeaux tarehe 16 Machi 1822, kifungua mimba wa mchoraji Raymond Bonheur na Sophie Marquis, mwalimu wa piano. Alisumbuka sana kujifunza kusoma, mpaka mama yake alipobuni njia ya kumchorea mnyama kwa kila herufi. Familia ilihamia Paris akiwa bado mdogo, na huko baba akajiunga na wafuasi wa Saint-Simon, kundi lililohubiri jamii mpya, usawa wa wanawake ukiwemo. Mwaka 1832 Raymond aliingia kwenye makao yao ya Ménilmontant kuishi maisha ya kiutawa, akamwachia mkewe watoto wanne. Sophie alifundisha muziki mchana na kushona usiku. Alifariki mwaka 1833, Rosa akiwa na miaka 11, na kwa umaskini wao akazikwa kaburi la halaiki. Rosa hakusahau. Imani ile ile iliyomfundisha kwamba mwanamke ni sawa na mwanamume ndiyo iliyombebesha mama yake mzigo uliomuua. Miaka yote alimshukuru baba yake kwa mafunzo, na hakuolewa.

Alifukuzwa shule zaidi ya mara moja kwa utundu, akapelekwa kwa fundi cherehani akashindwa, na mwishowe baba akakubali kumfundisha uchoraji nyumbani. Lengo alilompa lilikuwa kubwa: ampite Élisabeth Vigée-Lebrun, mchoraji wa kike aliyevuma zaidi katika kizazi kilichotangulia. Hapo ndipo penye jibu la jinsi wanawake wa karne ya 19 walivyoupata ufundi. Chuo kikuu cha sanaa cha Paris, École des Beaux-Arts, kiliwafungulia wanawake mlango mwaka 1897, Rosa akiwa na miaka 75, na wakati huo hakikuwa na la kumfundisha. Kwa hiyo waliochora vizuri kabla ya hapo wengi walikuwa mabinti au dada wa wachoraji, au watoto wa matajiri walioweza kulipia mwalimu. Wazo kwamba kipaji kilijichomoza chenyewe halina ushahidi. Nyumba ya akina Bonheur ilikuwa karakana kamili: wadogo zake Auguste na Juliette wakawa wachoraji pia, na mdogo wake mwingine, Isidore, mchongaji wa wanyama.

Akiwa na miaka 14 hivi alianza kwenda Louvre, jumba kuu la makumbusho la Paris, kunakili kazi za wakubwa. Wanafunzi wa kiume walimpachika jina la "askari mdogo wa farasi" kwa mwendo na mavazi yake. Nyumbani, ghorofa ya sita, walifuga kondoo kwenye baraza ili watoto wapate mnyama hai wa kuchora, na Isidore alimbeba mabegani kumshusha chini akale majani.

Kunakili hakutoshi, na hapa Rosa aliwaacha wenzake. Mchoraji wa watu alijifunza umbile kwa kuchora mwanamitindo aliye uchi, darasa ambalo wanawake walifungiwa. Rosa akachukua somo ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunga. Alikwenda machinjio ya Roule, Paris, akachora ng'ombe wakiwa hai, wakichinjwa na wakichunwa. Wafanyakazi walimkejeli mpaka mmoja wao akamkingia kifua. Alikwenda pia chuo cha mifugo cha Alfort, akapasua viungo na kujifunza mfupa kwa mfupa, msuli kwa msuli. Ukitazama paja la farasi wake ukaona uzito unavyohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ujue umeanzia pale.

Mwaka 1841 alikubaliwa kwa mara ya kwanza kwenye Salon, maonyesho makubwa ya serikali mjini Paris, ambako jopo la waamuzi ndilo lililoamua nani atundikwe na nani arudi na mzigo wake. Alipeleka sungura wawili wanaotafuna karoti, pamoja na mbuzi na kondoo. Kazi ndogo, za adabu. Mwaka 1845 akapata medali ya daraja la tatu, na mwaka 1848 medali ya dhahabu kwa picha ya maksai na mafahali wa Cantal. Baada ya medali hiyo serikali mpya ya jamhuri ikamwagiza picha ya ulimaji kwa faranga 3,000.

Picha hiyo, Labourage nivernais, yaani kulima kwa maksai katika jimbo la Nivernais, ilionyeshwa mwaka 1849 na leo iko jumba la makumbusho la Orsay. Ina upana wa mita 2.6. Makundi mawili ya maksai yanapanda mteremko yakivuta plau, na udongo mbele umepinduka, unang'aa unyevu. Watu wapo, lakini wamefunikwa na kofia na migongo ya wanyama. Anayekukabili kwa macho ni maksai mmoja wa katikati. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze na jicho lile, maana ndilo linaloeleza kwa nini picha ya shughuli ya kawaida ya shamba ilipewa ukubwa wa picha ya vita. Maksai yule anafanya kazi, na mchoraji amemheshimu kama mfanyakazi.

Mwaka huo huo wa 1849 baba yake alifariki. Rosa akarithi uongozi wa shule ya bure ya kuchora kwa wasichana ambayo Raymond alikuwa akiiendesha, akaiendesha hadi 1860 akisaidiwa na Juliette.

Kisha yakaja yale mafarasi. Kigogo wa serikali, Count de Morny, alitaka picha kubwa kutoka kwake. Rosa akampelekea mapendekezo mawili: uvunaji wa majani ya mifugo, na mnada wa farasi. Morny akachagua majani, kwa kuwa binti huyu alijulikana kwa ng'ombe na si kwa farasi. Rosa akaichora ile ya majani baadaye, lakini kwanza akashika mnada wa farasi kwa hiari na kwa gharama zake. Kwa mwaka mmoja na nusu alikwenda mara mbili kwa wiki kwenye mnada wa Boulevard de l'Hôpital, akiwa amevaa kiume ili madalali wasimsumbue, akachora farasi, wachungaji wao, na namna mnyama anavyorusha kichwa kamba ikivutwa.

Picha iliyotokana na mnada ule, Soko la Farasi, ilitundikwa kwenye Salon ya 1853, halafu akaigusagusa tena mpaka 1855. Ina karibu mita 2.5 kwenda juu na mita 5 kwenda upande. Farasi wa kazi, wengi wao aina ya Percheron, wanazungushwa mbele ya wanunuzi. Wengine wanatii, mweupe mmoja na mweusi mmoja wanasimama kwa miguu ya nyuma, na vumbi limekula kwato. Kushoto kwa mbali linaonekana kuba la hospitali ya Salpêtrière. Katikati ya purukushani yupo mpanda farasi mmoja asiye na ndevu anayetazama upande wetu, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba huyo ni Rosa mwenyewe. Nami naelekea kukubaliana nao, ingawa sura ile isingetosha mahakamani.

Sasa pesa, kwa ajili ya wale wa nyumbani kwenu.

Picha haikuuzika Ufaransa. Rosa aliupa mji wake wa kuzaliwa, Bordeaux, nafasi ya kuinunua kwa faranga 12,000, na mji ukakataa. Ernest Gambart, Mbelgiji aliyefanya biashara ya picha London, akaitaka. Rosa akamjibu kwamba ikitoka Ufaransa bei yake ni faranga 40,000, na Gambart akalipa. Hakuwa mjinga. Alinunua kanvasi pamoja na haki ya kuichapa. Akaionyesha London mwaka 1855, wakati picha ikiwa Uingereza Malkia Victoria akataka kuiona faraghani, halafu Gambart akaizungusha mijini. Thomas Landseer akaichonga kwenye bamba la kuchapia, na nakala za chapa zikauzwa kwa familia ambazo zisingeota kumiliki picha ya rangi za mafuta. Rosa na rafiki yake Nathalie Micas walitengeneza pia toleo dogo, la takriban robo ya ukubwa, ambalo mchonga bamba alilitumia. Toleo hilo sasa liko National Gallery ya London. Ile kubwa ilivuka hadi Marekani, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 1887 Cornelius Vanderbilt akainunua mnadani kwa zaidi ya dola 50,000 na kuitoa zawadi kwa Metropolitan Museum of Art, New York. Hadi leo iko pale.

Kuanzia hapo Rosa hakuihitaji tena Salon. Baada ya 1855 karibu asionyeshe Paris kabisa, isipokuwa kwenye maonyesho ya dunia ya 1867. Kwa nini ajipange kwa waamuzi wakati wanunuzi walikuwa wakingoja picha kabla hazijakauka? Mwaka 1856 alisafiri na Gambart na Nathalie hadi Uskochi, akarudi na michoro ya ng'ombe wenye manyoya marefu na kondoo wa milimani, kazi ambazo Waingereza walizigombania. Mwaka 1859 akanunua jumba la By, kijiji cha Thomery kando ya msitu wa Fontainebleau, akajengewa studio na mbunifu Jules Saulnier, akajaza uwanja kondoo, farasi, swala wa Ulaya na baadaye simba, akiwemo jike aliyeitwa Fathma.

Kuna jambo la kisheria ambalo waandishi wengi hulipita, nami naona ndilo uti wa mgongo wa habari yote. Chini ya sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, mwanamke aliyeolewa hakuweza kuuza, kununua wala kuingia mkataba bila idhini ya mumewe. Asiyeolewa, akishafikia utu uzima, aliweza. Saini ya Rosa kwenye hati ya By na kwenye mikataba ya picha ilikuwa na nguvu kwa sababu hakuwa na mume. Alichagua useja akijua hesabu zake, huku kumbukumbu ya mama yake ikiwa mbele ya macho.

Hakuishi peke yake, lakini. Nathalie Micas alimfahamu tangu utotoni, na waliishi pamoja kwa zaidi ya miaka 40, sehemu kubwa wakiwa na mama yake Nathalie. Nathalie alikuwa mchoraji naye, na fundi wa kubuni mitambo: alibuni breki ya treni iliyojaribiwa pale By. Katika studio alihamishia michoro kwenye kanvasi, akatibu wanyama, akalinda mlango na hesabu. Wataalamu wa leo hubishana waliite nini pendo lao. Wenyewe waliandikiana wosia wa kurithiana na wakazikwa kaburi moja katika makaburi ya Père Lachaise, Paris, nami nawaachia wao kauli ya mwisho. Ila ukiuliza Rosa alipata wapi muda wa kuchora saa nyingi bila mtu kumwita jikoni, jibu ni Nathalie.

Heshima zilifuata. Juni 1865 Malkia Eugénie, akishika madaraka wakati mumewe yuko Algeria, alirudi By na kumbandika kwa mkono wake nishani ya Légion d'honneur, nishani ya juu ya taifa la Ufaransa, ya kwanza kwa msanii wa kike. Mwaka 1894 akapandishwa cheo cha ofisa katika nishani hiyo hiyo. Katika vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, dola la Kijerumani, majeshi ya Prussia yalipofika Fontainebleau, mwanamfalme wao aliamuru jumba lake lisiguswe. Rosa hakufurahia upendeleo huo kutoka kwa adui.

Mwaka 1889 ulimkatakata. Nathalie alifariki mwezi Juni. Miezi hiyo hiyo onyesho la Buffalo Bill, Mmarekani aliyezunguka na maigizo ya maisha ya magharibi ya Marekani, lilipiga kambi Neuilly, kando ya Paris, wakati wa maonyesho ya dunia, na Rosa, aliyekuwa na miaka 67, akaenda kambini kuchora nyati wa Marekani, farasi na wenyeji wa asili waliosafiri na kundi hilo. Akamchora Buffalo Bill mwenyewe juu ya farasi mweupe. Picha hiyo iko Cody, Wyoming. Inasemwa mara nyingi kwamba safari zile za kambini ndizo zilizomwinua kutoka kwenye msiba. Huenda, ila mimi naona picha za miaka ile zina ubaridi fulani ambao za miaka ya 1850 hazina.

Miaka yake ya mwisho alikaa na Anna Klumpke, mchoraji Mmarekani aliyefika By mwaka 1898 kumchora na akabaki. Rosa alimsimulia maisha yake, na Klumpke akayachapisha mwaka 1908. Mengi tunayoyajua yametoka humo. Rosa alifariki tarehe 25 Mei 1899, akamwachia Klumpke kila kitu. Ndugu wakachachamaa. Klumpke akaamua vitu vya studio viuzwe mnadani, akagawana mapato na familia. Mwaka 1900 zaidi ya kazi 2,000 zilipigwa mnada Paris, nyingi zikiwa michoro ya maandalizi ambayo Rosa hakuwahi kukubali kuiuza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa akiba yake ya kazi.

Halafu jina likazama. Sababu ya kwanza unaifundishwa chuoni: tangu 1874 wachoraji wa Impressionism, waliokamata mwanga na rangi za papo hapo kwa brashi ya haraka, walibadili ladha, na usanifu wake wa kila unyoya ukaonekana wa kizamani. Sababu ya pili ni matokeo ya biashara yake nzuri. Picha zake nyingi kubwa zilikuwa Uingereza na Marekani, ndani ya nyumba za watu, kwa hiyo Mfaransa wa kawaida hakuwa na pa kuziona. Jina lilianza kurudi wanahistoria wanawake walipolifufua, hasa baada ya makala ya mwaka 1971 ya Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, na mwaka 2022, miaka 200 tangu azaliwe, Bordeaux na Orsay waliandaa maonyesho makubwa ya pamoja.

Kwa wale wa nyumbani kwenu, nisingewapa Rosa kama ahadi. Alikuwa na baba aliyemfundisha bure, soko la Waingereza waliopenda wanyama, na dalali mwaminifu. Wakuulize badala yake nani ana haki ya kunakili kazi zako, na nani anasaini mikataba yako.

Kwa upande wako, nenda kwenye tovuti ya Metropolitan. Wameiweka Soko la Farasi kwa ukubwa wa kutosha kuikuza, bila malipo. Usianze na farasi weupe wa mbele. Anza na kwato zote, hesabu zilizogusa ardhi na zilizo hewani, kisha uchore zile tu kwa penseli.